Mechi 12 za NBA: je, Dairis Bertāns alifeli?

*"Kocha, habari za kazi. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 17, yuko kidato cha tano hapa Mwanza. Anacheza kikapu, namba mbili, yaani mpigaji wa pembeni, urefu wake sentimita 189, na sifa yake kubwa ni kupiga pointi tatu. Mchezaji anayemfuata si LeBron wala Curry, ni Mlatvia mmoja anaitwa Dairis Bertāns. Video zake zimejaa kwenye simu. Mjomba wake anamcheka. Anasema huyo jamaa alicheza mechi 12 tu NBA akarudishwa Ulaya, kwa hiyo mtoto anamuiga mtu aliyefeli. Sasa amejitokeza bwana anayejiita wakala, anasema atampeleka kwenye akademi Ulaya mwaka huu huu, ila tutangulize dola 1,500 za kufungua faili. Mimi mpira siujui. Naomba nielezwe ukweli wa huyu Bertāns na kama njia yake inafuatika. Halafu goti la kulia linamuuma tangu mwezi wa tatu, mwenyewe anasema ni kawaida."*

Mama, umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja. Nitaanza na hoja ya mjomba, kwa sababu hata huyo bwana wa dola 1,500 anaishi humo humo: kwenye imani kwamba mpira wa kikapu una mlango mmoja tu, na kwamba anayeukosa, au anayeingia akatoka, amepotea. Ukiivunja imani hiyo, hayo mengine yanakuwa mepesi kuyaamua.

Hesabu ya mjomba ni sahihi. Mechi ni 12, zote za msimu wa 2018/19, akiwa na New Orleans Pelicans, na wastani wake haukufika pointi 3 kwa mechi. Ninachokataa ni neno "alifeli", na hilo la "akarudishwa" pia.

Tuanze na alikotoka. Dairis Bertāns alizaliwa Septemba 1989, mtoto wa Valmiera, mji wa kaskazini mwa Latvia. Nchi nzima ya Latvia ina watu wasiofika milioni 2, wakati Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya milioni 5. Ila kwa kikapu wale si wageni: ndio waliotwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa Ulaya, Geneva, mwaka 1935. Kijana wa Kilatvia anakuta makocha, kumbi na ligi vikimsubiri. Dairis alikomaa VEF Rīga, klabu iliyochukua ubingwa wa nchi 2011, 2012 na 2013, halafu akahamia Bilbao kwenye ligi ya Hispania, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ligi ngumu kuliko zote barani humo. Alikaa huko miaka 3. Mwaka 2016 akaenda Darüşşafaka ya Istanbul chini ya kocha David Blatt, na msimu huo wakafika mtoano wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, wakatolewa na Real Madrid. Mwaka 2017 akatua Olimpia Milano, na 2018 wakatwaa ubingwa wa Italia.

Kwa hiyo NBA ilipomwita Machi 2019 ilimkuta mtu wa miaka 29, amekwisha kucheza Riga, Bilbao, Istanbul na Milano, na ana mkataba mkononi. Alivunja mkataba na Milano msimu ukiendelea ili akaonje NBA. Kwa umri ule hakuwa na "nitaenda mwakani".

Sasa tazama alifikia wapi. New Orleans ya mwaka ule ilikuwa nyumba inayobomolewa. Januari 2019 nyota wao, Anthony Davis, aliomba hadharani auzwe. Februari meneja mkuu, Dell Demps, akafukuzwa. Aliyekuwepo wakati Bertāns anasajiliwa alikuwa kaimu, Danny Ferry. Timu ilikwishaachana na ndoto ya mtoano na ikamaliza kwa kushinda mechi 33 na kupoteza 49. Aprili akaajiriwa bosi mpya, David Griffin. Mei wakapata bahati ya kuchagua wa kwanza kwenye drafti, yaani zoezi la klabu za NBA kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, na Juni wakamchukua Zion Williamson. Davis akauzwa kwa Los Angeles Lakers, na huko wakapata kundi la vijana wakiwemo Lonzo Ball, Brandon Ingram na Josh Hart. Kisha Julai wakamsajili JJ Redick, mmoja wa wapigaji wa pointi tatu waliosifika zaidi wa kizazi chake, anayecheza namba ile ile ya Bertāns.

Yaani ndani ya miezi minne hivi, bosi aliyemleta, mfumo alioletewa na nafasi aliyoletewa, vyote viliondoka. Timu zinazojenga upya hupenda kuutumia mwezi wa mwisho wa msimu kuwapima wachezaji ambao haziwajui. Wachache hubaki. Mchezaji anaweza kufanya kila alichoambiwa na bado asibaki, kwa sababu bosi mpya anayekuja kuchagua wachezaji wake si yule aliyempima. Kiangazi hicho hicho Bertāns akasaini Khimki ya Urusi, iliyokuwa ikicheza EuroLeague. Hakuna aliyemrudisha, walimtaka, wakamlipa, akaenda.

Lakini sitaki nimtetee hadi niupindishe ukweli. Hata kama New Orleans ingekuwa shwari, nafasi yake ya kudumu NBA ilikuwa nyembamba, na sababu kubwa ni urefu. Hapa mwanao asome kwa makini.

Dairis ana mdogo wake, Dāvis, aliyezaliwa Novemba 1992. Wamekua nyumba moja na wote wawili ni wapigaji. Dairis ana mita 1.93, Dāvis ana 2.08. Usiku wa drafti wa tarehe 23 Juni 2011, ambao kwa Walatvia ni mkesha wa Līgo, sikukuu yao kubwa ya kiangazi ya mioto na nyimbo, Dāvis alikuwa na miaka 18 tu na jina lake likaitwa: chaguo la 42. Usiku ule ule ulikuwa wa mwisho kwa Dairis kuweza kuchaguliwa, kwa kuwa mchezaji wa nje ya Marekani huingia drafti moja kwa moja mwaka anaotimiza miaka 22, na baada ya hapo basi. Hakuitwa. Kumbuka kwamba wakati ule kaka mtu ndiye aliyekuwa na uzoefu zaidi.

Dāvis akaenda NBA mwaka 2016 kupitia San Antonio, na mwaka 2020 akasaini Washington mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 80. Mtu asikuambie kwamba tofauti ya mechi 12 na dola milioni 80 ni bidii. Sehemu kubwa ni hizo sentimita 15.

Mantiki yake ni hii. Mtu wa mita 2.08 anayepiga pointi tatu kwa uhakika hupatikana kwa nadra. Mkono wake ukishapanda, mlinzi wa kawaida haufikii, na mlinzi mrefu anayeweza kuufikia analazimika kutoka chini ya kikapu, kwa hiyo njia inafunguka kwa wenzake wote. Mtu wa mita 1.93 anayepiga vile vile wapo wengi, na Marekani wanazalishwa kila mwaka vyuoni, wengine wana kasi na mruko wa kutisha. Upande wa ulinzi hali ni mbaya zaidi: timu za NBA humtafuta mlinzi mfupi au mzito kidogo, zinahamisha mchezo hadi abaki na nyota wao ana kwa ana, na zinarudia hivyo hivyo usiku kucha. Kocha akiona hilo mara tatu, anakuweka benchi hata kama mtupo wako unaingia.

Wapange Walatvia waliofika NBA uone. Andris Biedriņš, senta, yaani mrefu wa chini ya kikapu, alichaguliwa wa 11 mwaka 2004 na akadumu miaka. Kristaps Porziņģis, mita 2.21, chaguo la 4 mwaka 2015, bingwa na Boston 2024. Dāvis. Rodions Kurucs na Anžejs Pasečņiks, nao warefu. Halafu namba mbili: Gundars Vētra, Mlatvia wa kwanza kufika kule, mechi 13 na Minnesota msimu wa 1992/93, na Dairis, mechi 12. Warefu wengi walidumu. Wa pembeni, wote wawili, hawakumaliza hata mwezi na nusu wa mechi. Sisi Watanzania tunalijua hilo kwa upande wa pili: Hasheem Thabeet, mita 2.21, aliitwa wa pili kwenye drafti nzima ya 2009. Sidhani kama angeitwa wa pili akiwa na mita 1.89.

Haki lazima itendeke kwa upande mwingine pia. Huyo Redick aliyekuja New Orleans hakumzidi Bertāns urefu, na alicheza NBA misimu 15. Inawezekana, basi. Ila Redick alitoka chuo kikubwa cha Marekani, akachaguliwa wa 11 mwaka 2006, akapewa miaka ya mwanzo ya kukaa benchi na kujifunza kulinda. Mgeni wa miaka 29 aliyesajiliwa Machi hapewi miaka ya kujifunza. Anapewa wiki tano.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wengi hawalioni: mchezaji wa aina ya Bertāns hategemei mkono wake tu, anategemea na nani ana mpira. Msimu wake wa mwisho Milano, mpira ulikuwa mkononi mwa Mike James, aliyeongoza kwa pointi EuroLeague nzima mwaka huo. Kazi ya Bertāns ilikuwa kukimbia: anaanzia kona, mwenzake anasimama njiani kumziba mlinzi, anakata, mwingine anaziba tena, na mpira unamfikia miguu ikiwa tayari imekanyaga. Ukiangalia video zake, mwambie kijana aache kuangalia mpira ukiingia. Aangalie sekunde nne kabla. Mtupo ule umetengenezwa na watu watatu na kocha mmoja, kwa mazoezi ya miezi. Hilo halibebeki kwenye begi. Ukitua kwenye timu mpya Machi, na mechi zinafuatana bila siku za mazoezi, hakuna anayejua utakatia wapi. Juu ya hapo mstari wenyewe umesogea: kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinaweka mstari wa pointi tatu mita 6.75, NBA ni 7.24.

Sasa tuje kwenye hicho mjomba anachokiita kufeli, yaani kucheza Ulaya. Klabu kubwa za EuroLeague hulipa vizuri sana, na desturi yao ni kutaja mshahara baada ya kodi: klabu inalipa kodi, mara nyingi na nyumba na gari. Mkataba wa NBA unatajwa kabla ya kodi, na ukisajiliwa Machi unalipwa kwa siku zilizobaki tu. Ndiyo maana wachezaji kadhaa wazuri wa Ulaya huangalia kiti cha mwisho cha benchi la NBA wakakiacha. Mchezo nao ni tofauti: mechi ni dakika 40 badala ya 48, mechi chache, mazoezi mengi, na kila mechi ina uzito. Mpigaji anayejua kusoma ulinzi anathaminiwa zaidi kule. Kwa maoni yangu, Bertāns alikuwa mchezaji wa EuroLeague kwa maumbile na kwa akili, akaenda kuonja NBA, akarudi kazini kwake.

Kama kipimo ni NBA peke yake, mjomba atueleze la kufanya na Valdis Valters. Huyu ni wa Riga, namba moja, yaani mwendesha mchezo, wa timu ya taifa ya Umoja wa Kisovieti, mchezaji bora wa mashindano ya Ulaya ya 1981 na bingwa wa dunia 1982. Mwaka 1986, nusu fainali ya dunia kule Hispania, walikuwa nyuma kwa pointi 9 dhidi ya Yugoslavia ikibaki chini ya dakika moja. Mwenzake Sabonis akapiga pointi tatu, mwingine, Tikhonenko, akapiga tatu, na Valters akapiga ya kusawazisha. Wakashinda muda wa nyongeza 91–90. Yumo kwenye Ukumbi wa Heshima wa FIBA. Mechi zake za NBA ni sifuri, maana enzi zake mchezaji wa Kisovieti hakuruhusiwa kwenda.

Nisikupambie Ulaya pia. Kule mchezaji hana usalama wa NBA. Khimki aliyokwenda Bertāns ilikumbwa na matatizo ya fedha, ikamaliza mkiani EuroLeague 2020/21, na 2021 timu ile ya kulipwa ikasambaratika. Klabu yenye majina makubwa na tajiri nyuma yake inaweza kukatika ghafla. Ndiyo sababu mikataba ya maana huandikwa kwamba mgogoro utakwenda kwenye baraza la usuluhishi wa kikapu lililoanzishwa na FIBA mwaka 2007, Geneva. Mkataba usio na kifungu hicho, mwanasheria wako auulize kwanza kabla ya kuuliza mshahara.

Je, njia ya Bertāns inafuatika na kijana wa Mwanza? Kwa ustadi, ndiyo, sehemu yake. Kwa karatasi, si moja kwa moja. Latvia iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, kwa hiyo Bertāns alipokwenda Bilbao hakuhesabiwa mgeni. Ligi nyingi za Ulaya zina idadi ya viti vya wachezaji wasio wa Ulaya, na viti hivyo hupewa Wamarekani waliokwisha kuiva. Mtanzania anagombea kiti hicho hicho. Hispania ina historia tofauti kidogo: kwa miaka mingi iliwahesabu wachezaji wa nchi zilizokuwa kwenye Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na Tanzania ilikuwemo, kama wachezaji wa Ulaya. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo mtu akizitaja akuonyeshe ya msimu husika kwa maandishi. Lakini wakala anayedai kujua Ulaya na hajawahi kusikia habari ya Cotonou, mimi nisingempa hata nauli ya daladala.

Na huyo bwana wako sasa. Kijana ana miaka 17. Kanuni ya FIBA ni kwamba uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauruhusiwi isipokuwa kwa sababu maalumu, kama wazazi kuhama kwa shughuli zisizo za mpira, au mpango wa shule na malezi uliokaguliwa, na mashirikisho ya nchi zote mbili lazima yahusike. Vijana huondoka mapema, ni kweli. Artūrs Žagars, Mlatvia mwingine wa namba moja, alikwenda Joventut ya Badalona, Hispania, akiwa bado kinda. Ila Joventut ni klabu yenye shule ya vijana inayojulikana duniani, na makaratasi yake yanafuatilika. "Akademi Ulaya mwaka huu huu" bila jina la klabu, bila shule, bila barua ya shirikisho, ni maneno matupu.

Wakala wa kweli ana leseni ya FIBA, na majina ya wenye leseni yako wazi. Mwombe namba ya leseni yake na uihakiki mwenyewe kupitia ofisi ya shirikisho la kikapu la taifa. Pia wakala hula baada ya mchezaji kula: analipwa asilimia ya mkataba uliosainiwa, kwa kawaida 10 au pungufu, na mara nyingi klabu ndiyo inayolipa. Ada ya "kufungua faili" haipo katika kazi hii. Usilipe. Ikiwa umekwisha kutoa chochote, kusanya risiti na ujumbe wote wa simu, nenda polisi na kwa mwanasheria, usiendelee kubishana naye kwenye simu.

Afanye nini basi kijana? Kwanza amalize kidato cha sita. Silisemi kwa sababu ndivyo wazee wanavyosema. Njia iliyo pana zaidi kwa mtoto wa umri wake kutoka Afrika Mashariki ni ufadhili wa chuo Marekani, na njia hiyo inapitia vyeti na Kiingereza kabla ya kupitia kikapu. Ina kasoro zake: vyuo vingi, ufadhili wa viwango tofauti, na mwanafunzi wa visa ana mipaka mikali kuhusu kujiingizia kipato. Njia ya pili ni kukua hapa hapa, ligi ya mkoa, ligi ya Dar es Salaam, timu za taifa za vijana, kisha klabu za ukanda huu zinazowania Basketball Africa League, iliyoanza Kigali mwaka 2021. Ni njia ya polepole, ila anaonekana akicheza dhidi ya watu wazima, na kwa skauti hilo lina uzito kuliko video ya mazoezi.

Pili, na hapa nasema naye moja kwa moja: kijana wangu, usibaki mpigaji tu. Una sentimita 189 na huenda ukaongezeka kidogo, lakini usipange maisha kwa kutegemea hilo. Mtu mwenye urefu wako anayesubiri kuletewa mpira yuko sokoni na maelfu. Jifunze kuuleta mpira mwenyewe ukiwa umebanwa. Angalia Kombe la Dunia la 2023. Latvia ilikuwa mara yake ya kwanza kushiriki, na Porziņģis hakuwepo kwa majeraha. Waliwafunga Ufaransa 88–86, wakawafunga Hispania, wakafungwa robo fainali na Ujerumani kwa pointi 2 tu, 81–79, na hao Wajerumani ndio waliotwaa kombe. Aliyeendesha timu ile ni Žagars, kijana wa miaka 23 mwenye urefu wa kawaida. Mechi ya kugombea nafasi ya tano, dhidi ya majirani zao Lithuania, alitoa asisti 17, yaani pasi za kufungisha, rekodi ya mechi moja ya Kombe la Dunia, wakashinda 98–63. Baadaye akaenda Fenerbahçe ya Istanbul. Pointi tatu itakupa kiti. Mpira mkononi unafanya iwe vigumu kukuondoa kwenye kiti hicho. Endelea kumwangalia Bertāns kwa miguu na kwa kukimbia bila mpira, ongeza Žagars kwa macho na pasi, na jioni mbili kwa wiki fanya mazoezi ya kulinda tu, bila kugusa mpira.

Nimeliacha goti mwisho, ila mama, kwa utekelezaji ndilo la kwanza. Maumivu ya tangu mwezi wa tatu hayaitwi kawaida. Kwa vijana wanaorefuka haraka, mara nyingi maumivu yako chini kidogo ya goti, mahali ambapo kano linashika mfupa wa mguu, au kwenye kano lenyewe kwa sababu ya kuruka mno juu ya sakafu ya saruji. Hayo hupona kwa kupunguza mzigo na mazoezi maalumu ya misuli ya paja, ilimradi asiyapuuze. Lakini mimi ni kocha, sikuliona goti lake, na kutoka huku siwezi kulipima. Dāvis Bertāns alichanika kano kubwa la ndani ya goti mara mbili kabla ya kufika NBA, na alikuwa na madaktari na wataalamu wa viungo wa klabu kubwa waliomrudisha uwanjani. Mwanao hana klabu hiyo, ana wewe.

Wiki hii aache kuruka na kupiga mitupo mingi, kisha umpeleke kwa daktari wa mifupa. Hospitali ya Bugando hapo Mwanza wanaye, na daktari wa hospitali ya mkoa anaweza kuwaandikia rufaa. Mweleze daktari maumivu yalianza lini, yanakuwa makali wakati gani, na anacheza siku ngapi kwa wiki. Usisubiri hata miadi ikiwa goti linavimba, linakwama lisinyooke, linamwachia ghafla anapogeuka, linamwamsha usiku, au lilitoa mlio siku alipoumia. Dawa za maumivu kabla ya mechi asitumie ili acheze, hata kama wachezaji wenzake wanatumia. Na kocha wake wa shule apewe barua ya daktari mkononi, maana kijana wa miaka 17 akiachiwa aeleze mwenyewe, atasema amepona.